Saa ya Dhahabu ya John Arnold

Katika mji wa Greenwich, kusini ya mto Thames, imehifadhiwa saa ya mfukoni yenye kasha la dhahabu. Fundi aliyeiunda ni John Arnold wa London, na namba yake ni 1/36. Mtu asiyejua habari zake akiiona aweza kudhani kuwa ni pambo la tajiri wa zamani, kitu cha kutolewa mfukoni mbele ya wageni na kurudishwa upesi kabla ya macho yao kushiba. Lakini saa hii haikuundwa kwa ajili ya baraza za matajiri. Mwaka 1779 ilipelekwa katika Nyumba ya Falaki ya Mfalme huko Greenwich, ikawekwa chini ya macho ya wanafalaki kwa muda wa miezi kumi na mitatu, na kila mwendo wake ukaandikwa. Ilipotoka katika jaribio lile ilikuwa imeleta habari ambayo mabaharia wa dunia walikuwa wakiingoja kwa karne nyingi: kwamba chombo cha kumwongoza nahodha katika bahari kuu chaweza kutiwa mfukoni, na kwamba fundi aliyekiunda kimoja aweza kuunda kingine, na kingine tena.

Sehemu ya pili ya habari hiyo ndiyo iliyo kubwa, na ndiyo isahauliwayo. Watu wakizungumza juu ya saa za bahari hutaja jina moja tu, la John Harrison, seremala wa Yorkshire aliyetumia maisha yake yote kuunda saa tano. Harrison astahili sifa zake, na hapana mtu mwenye haki awezaye kumpunguzia. Hata hivyo sifa ya kuthibitisha kwamba jambo lawezekana ni moja, na sifa ya kulifanya jambo hilo lipatikane na watu ni nyingine. Ya pili ni ya Arnold, pamoja na mtu mwingine aliyekuwa adui yake, ambaye tutakutana naye mbele.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini saa ilihitajiwa baharini. Nahodha atakaye kujua mahali alipo ahitaji kujua mambo mawili: amekwenda umbali gani kaskazini au kusini, na umbali gani mashariki au magharibi. La kwanza halikuwa na shida kubwa. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua tangu zamani. Walishika kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakapima kimo cha nyota ya kaskazini juu ya upeo wa bahari, wakajua wamefika usawa wa bandari gani. La pili ndilo lililowashinda wote. Dunia huzunguka, na nyota zote hupita juu ya kila mahali kwa zamu. Hapana nyota iliyosimama mashariki wala magharibi ili ipimwe. Kitu pekee kinachotenga mahali pa mashariki na mahali pa magharibi ni wakati. Dunia huzunguka digrii 360 katika saa 24, maana yake digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika nne. Unguja iko karibu digrii 39 mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo jua la adhuhuri hufika Unguja zaidi ya saa mbili na nusu kabla ya kufika Greenwich. Nahodha aliye na saa isiyosahau wakati wa Greenwich atazama jua lifikapo utosini, aangalia saa yake, na tofauti ya nyakati hizo mbili humwambia longitudo yake.

Sisi tunaohesabu saa moja tangu kuchomoza kwa jua twaweza kuona ugeni wa fikira hii kwa urahisi kuliko wengine. Saa yetu ni mtumishi wa jua la mahali tulipo. Jua likichomoza ndipo siku huanza. Saa ya nahodha ni kinyume cha hayo. Imeharamishwa kulifuata jua la mahali ilipo. Hata ikipelekwa mwisho wa dunia, huendelea kuhesabu wakati wa mji ilikotoka, kama msafiri asiyekubali kuiacha lugha ya kwao.

Lakini saa gani ingeweza kufanya hivyo? Saa za ukutani zenye timazi zilikuwa sahihi nchi kavu, na baharini merikebu ilipoyumba zikavurugika. Saa za mfukoni za karne ya 18 hazikuwa na timazi, lakini nyingi zilikosea dakika kwa siku. Kosa la dakika moja ni robo ya digrii, na robo ya digrii katika ikweta ni maili 15 za bahari. Baada ya siku arobaini za kosa kama hilo, nahodha hana hakika tena ya bara lipi liko mbele yake. Mwaka 1707 manowari nne za Uingereza zilizokuwa zikirudi nyumbani chini ya Amiri Cloudesley Shovell ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na watu zaidi ya 1,400 wakafa karibu na kwao. Miaka saba baadaye, mwaka 1714, Bunge la Uingereza likatangaza zawadi ya pauni 20,000 kwa mtu atakayeonyesha njia ya kupata longitudo baharini kwa kosa lisilozidi nusu digrii baada ya safari ya kwenda visiwa vya West Indies. Nusu digrii ni dakika mbili za saa. Baraza likaundwa kuyahukumu madai ya watu, likaitwa Baraza la Longitudo.

Harrison alilijibu swali hilo kwa saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759. Ilikuwa na umbo la saa ya mfukoni, lakini upana wake ulikuwa sentimita 13 na uzito wake karibu kilo moja na nusu, mfuko gani ungeibeba? Ilipopelekwa Jamaica mwishoni mwa mwaka 1761, ilichelewa sekunde tano tu baada ya siku 81. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini Baraza liliuliza swali ambalo Harrison alilichukia, nalo lilikuwa swali la haki: je, mtu mwingine aweza kuiunda? Fundi Larcum Kendall alipewa kazi ya kuinakili. Alifanya kazi zaidi ya miaka miwili, akamaliza mwaka 1769, akalipwa pauni 450. Tukikumbuka kwamba merikebu ya James Cook iliyoitwa Endeavour ilinunuliwa mwaka 1768 kwa pauni 2,800 na kidogo, twaona kwamba saa moja ilikuwa karibu na bei ya sehemu ya sita ya merikebu nzima. Serikali gani ingetoa fedha hizo kwa kila chombo chake, na mfanyabiashara gani angethubutu? Kendall mwenyewe aliona jambo hilo. Akajaribu kuunda saa nyepesi za bei ndogo, moja kwa pauni 200 na nyingine kwa pauni 100. Bei ikashuka, na usahihi ukashuka pamoja nayo.

Hapo ndipo Arnold anapoingia. Alizaliwa mwaka 1736 katika mji wa Bodmin, Cornwall. Baba yake alikuwa fundi saa na mjomba wake mfua bunduki, hivyo alikulia katikati ya tupa na nyundo ndogo. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa alivuka bahari kwenda Uholanzi kujiendeleza katika ufundi, akarudi baada ya miaka miwili hivi akiwa anasema Kijerumani vizuri. Lugha hiyo ilimfaa kuliko alivyotazamia, kwa kuwa nyumba ya wafalme wa Uingereza wakati huo ilitoka Hanover. Alitangatanga kwa muda akitengeneza saa za watu, mpaka akapata mtu wa kumkopesha fedha, akafungua duka London karibu na barabara ya Strand.

Mwaka 1764 alimpelekea Mfalme George wa Tatu zawadi ya ajabu: pete ya kidole ambayo ndani yake mlikuwa na saa ndogo kabisa, nayo iligonga kengele kutaja saa na robo zake. Sehemu moja ya mtambo wake, iliyohitaji ugumu kuliko zote, aliichonga katika yakuti. Husimuliwa kwamba mfalme alimpa gini 500, na kwamba kutoka Urusi aliahidiwa gini 1,000 akiunda ya pili, akakataa ili ya mfalme ibaki peke yake duniani. Kisa hicho ni kizuri, na kimesimuliwa mara nyingi sana. Kwa upande wangu naona kwamba pete ile ilikuwa kazi ya ubingwa na si ya faida. Lakini ilimfungulia fundi mlango wa jumba la mfalme, na ilimzoeza kufanya kazi katika nafasi ndogo. Mtu aliyeweza kuiweka saa nzima katika kidole hakuogopa kuiweka saa ya bahari katika mfuko.

Nevil Maskelyne, mwanafalaki mkuu wa Mfalme, alimpa kitabu kilichoeleza siri za saa ya Harrison, kilichochapishwa mwaka 1767. Arnold alikisoma, akaamua kutokufuata njia ile. Uamuzi huo wastahili kufikiriwa. Saa ya Harrison ilishinda kwa wingi wa hila: ndani yake kulikuwa na vipande vidogo vya almasi, kamani ya kuisaidia kamani nyingine, na sehemu nyingi zilizokuwa zikirekebishana makosa. Arnold alitaka mtambo wenye sehemu chache, ambao gurudumu lake la mizani lingeachwa huru kwenda na kurudi, likiguswa kwa nukta moja tu katika mwendo wake.

Mwanzo wake haukuwa wa fahari. Cook alipoondoka mwaka 1772 kwa safari yake ya pili, alichukua nakala ya Kendall pamoja na saa tatu za Arnold, moja katika merikebu ya Resolution na mbili katika Adventure. Nakala ya Kendall ilimridhisha Cook sana. Saa za Arnold hazikufaa. Mwingine angerudi kwenye pete na vito vya wafalme, ambako fedha ilikuwa nyepesi. Arnold alirudi mezani kwake.

Ili kuelewa alichokifanya katika miaka ile, msomaji afungue saa ya mkono ya zamani, ile ya kutiwa ufunguo, azame ndani. Ataona gurudumu dogo likienda na kurudi bila kuchoka, na chini yake kamani nyembamba kama unywele iliyojikunja bapa. Hizo mbili ndizo moyo wa saa. Gurudumu likienda upande mmoja, kamani hulivuta lirudi. Na kila kwenda na kurudi ni hesabu ya wakati. Zilizobaki zote, yaani kamani kuu na magurudumu ya meno, kazi yake ni kuulisha moyo huo na kuhesabu mapigo yake.

Moyo huo una maadui wawili. Wa kwanza ni joto. Kamani ikipata joto hulegea nguvu, gurudumu hutanuka, na saa huchelewa. Kukiwa na baridi huwahi. Saa iliyotengenezwa London na kwenda vizuri huko ingeharibu hesabu yake mara ifikapo katika bahari zetu. Arnold aliliponya gurudumu lenyewe kwa kulitia vipande vya madini mawili yaliyounganishwa, shaba ya manjano na pua. Shaba hutanuka kwa joto kuliko pua. Kwa hiyo joto likizidi kipande chenye madini mawili hujipinda, na uzito uliofungwa juu yake husogea ndani karibu na kitovu. Gurudumu ambalo uzito wake umesogea ndani huzunguka kwa wepesi zaidi, na wepesi huo hulipa deni la ulegevu wa kamani.

Adui wa pili ni mshtuko na mwinamo. Saa iliyovaliwa hulazwa, husimamishwa, hupigwapigwa, na gurudumu lake mara huenda mwendo mrefu na mara mfupi. Hapana budi mwendo mrefu na mwendo mfupi utumie muda ule ule, ama sivyo hesabu huharibika. Kamani bapa ya kawaida haikuweza kutimiza sharti hilo vizuri. Arnold akaikunja kamani kwa namna nyingine, ikawa ndefu ya mviringo, inapanda kama njia za parafujo. Mambo hayo mawili, gurudumu la madini mawili na kamani ya parafujo, aliyaombea hati ya uvumbuzi, akaipata mwishoni mwa mwaka 1775. Baadaye, katika hati ya mwaka 1782, aliongeza jambo dogo lenye matokeo makubwa: ncha za kamani zipindwe kwa ndani, na hapo ndipo mapigo marefu na mafupi yanapolingana kweli. Kwa vizazi vilivyofuata, saa za bahari za mataifa yote zilikuwa na kamani ya umbo hilo.

Saa ya dhahabu namba 1/36 ilizaliwa kati ya hati hizo mbili. Jaribio lake la Greenwich lilianza Februari 1779. Kwa miezi kumi na mitatu kosa lake lote lilifika dakika 2 na sekunde 32, na katika miezi tisa ya mwisho kosa lilikuwa dakika moja tu. Tofauti iliyo kubwa kabisa kati ya mwendo wa siku moja na siku nyingine ilikuwa sekunde nne, ambazo katika ikweta ni maili moja ya bahari. Tuzipime tarakimu hizo kwa kipimo cha Bunge. Sheria ya mwaka 1714 ilikubali kosa la dakika mbili baada ya safari ya majuma machache. Saa hii iliyaweza majuma zaidi ya hamsini kwa kosa lililozidi kidogo tu. Ni kweli kwamba ilipimwa nchi kavu, na mwamba wa Greenwich hauyumbi kama sitaha. Lakini hakuna saa ya mfukoni iliyokuwa imewahi kufanya hivyo popote.

Arnold alichapisha hesabu zile mwaka 1780, na katika jina la kijitabu chake akaiita saa yake kronomita ya mfukoni. Neno hilo lilikuwapo kabla yake, lakini lilikuwa likielea bila mwenyewe. Tangu hapo likashika maana iliyo nayo mpaka leo. Alexander Dalrymple, mchoraji wa ramani za bahari, alikuwa mmoja wa walioeneza neno na chombo chenyewe kwa manahodha wa Kampuni ya Mashariki ya India, waliokuwa wakivuka bahari yetu kila msimu. Hao hawakuingoja serikali. Walinunua kwa fedha zao, kwa sababu mtu mwenye shehena ya hariri na chai hahitaji kuhubiriwa juu ya hasara ya kupotea.

Kisha Arnold akafanya jambo ambalo Harrison hakulifanya kamwe. Akafungua karakana Chigwell, katika Essex, akaigawa kazi. Mafundi wengine walitengeneza sehemu zilizo mbaya bado, yeye akajiwekea zile zinazohitaji mkono wa bwana: kamani, gurudumu la mizani, na kurekebisha mwendo. Saa za bahari zikaanza kutoka kwa mamia. Mwanawe, John Roger, aliyepelekwa pia kujifunza Paris kwa fundi mkubwa Abraham-Louis Breguet, aliingia katika biashara, na juu ya saa pakaandikwa jina la Arnold na Mwana.

Hapa sasa lazima tumlete yule adui. Thomas Earnshaw alizaliwa mwaka 1749 karibu na Manchester, hakuwa na mfalme wa kumshika mkono, na kwa miaka mingi aliishi kwa kuwaundia mafundi wenye majina saa zilizotoka na majina yao. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kipande kidogo mno: kizuizi kinacholishika gurudumu la meno na kuliachia jino moja tu kwa wakati wake, kisha kulishika tena. Arnold na wengine walikuwa wakikiegemeza kizuizi hicho juu ya mhimili mwembamba, na mhimili wahitaji mafuta; mafuta hukauka, huganda, na saa hubadilika mwendo. Kikiwekwa juu ya kipande cha kamani badala ya mhimili, hakihitaji tone la mafuta. Nani aliyeligundua hilo kwanza? Earnshaw alidai kwamba aliligundua yeye karibu mwaka 1780, akamwonyesha fundi mmoja aitwaye Brockbank aliyekuwa akimfanyia kazi, na Brockbank akamfunulia Arnold. Arnold akaliandika katika hati yake ya mwaka 1782. Earnshaw hakuwa na fedha za kulipia hati. Ilimbidi aichukuwe kwa jina la fundi mwingine, Thomas Wright, mwaka 1783, kwa ahadi ya kumlipa gini moja kwa kila saa. Saa za Earnshaw za miaka ile zina chapa ya jina la Wright.

Wanahistoria wa saa wamelipima shauri hili mara nyingi. Nami naona haliwezi kukatwa kwa ushahidi uliopo, kwa sababu shahidi mkubwa wa Earnshaw ni Earnshaw mwenyewe, naye alikuwa mtu wa hasira. Lakini kuna ushahidi mwingine usiosema uongo, nao ni vile vizuizi vyenyewe. Cha Arnold kilifungua kwa kuelekea ndani na meno ya gurudumu lake yalikuwa ya mkunjo, magumu kuchonga, na yalitaka mafuta. Cha Earnshaw kilifungua kwa kuelekea nje, meno yake yalikuwa sahili, nayo hayakutaka mafuta. Kama mmoja aliiba, basi hakuiba yote. Na wakati ulipochagua kati yao, ulichagua cha Earnshaw: karibu kila kronomita ya bahari iliyoundwa katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa na kizuizi cha namna yake, pamoja na kamani ya parafujo ya Arnold. Maadui hao wawili walilazwa katika kisanduku kimoja cha mbao, wakafanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka mia.

Arnold alikufa mwaka 1799. Mwaka 1805 Baraza la Longitudo liliwatunza wote wawili sawasawa, pauni 3,000 kwa Earnshaw na pauni 3,000 kwa mwana wa Arnold, baada ya kutoa fedha walizokwisha pata kabla. Earnshaw hakuridhika kugawana na maiti. Mwaka 1808 alichapisha kitabu kizima cha kuwalalamikia Arnold, Baraza na walimwengu. Katika mwaka ule ule Breguet wa Paris alichukua kronomita ya mfukoni ya zamani ya Arnold, namba 11, akaitia uvumbuzi wake mwenyewe ambao ulikuwa fahari ya maisha yake, nao ni kijumba kinachozunguka pamoja na moyo wa saa ili mwinamo usiweze kuuharibu. Akaandika juu yake maneno ya heshima kwa kumbukumbu ya Arnold, akampa John Roger. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Saa hiyo iko katika British Museum.

Kronomita zilipokuwa nyingi ndipo pwani zilipochorwa upya, na yetu haikusahauliwa. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen alipima pwani ya Afrika Mashariki kwa kronomita, homa ikiwaua mabaharia wake wengi, na mwaka 1827 akachapisha jedwali la longitudo alizozipata. Lakini bara lilikuwa gumu kuliko bahari. Burton na Speke walipoondoka Unguja mwaka 1857 kutafuta maziwa, walichukua kronomita, na zote zikaharibika njiani. Sanduku la merikebu hulinda saa na mawimbi. Nani ailinde na bega la mpagazi na mto wa kuvukwa kwa miguu? Ikawabidi kutundika risasi ya bunduki kwa uzi wa inchi 39 na kuiacha ibembee, maana timazi ya urefu huo hupiga sekunde moja kwa kila mwendo. Hivyo wakarudi nyuma kwa Galileo.

Imebaki habari ya saa nyingine ya Arnold. Mwaka 1794 Arnold na Mwana waliunda kronomita ya mfukoni ya dhahabu, namba 485/786, na yasemekana ilikusudiwa Mwana wa Mfalme, Duke wa Sussex, naye akaikataa kwa ukubwa wake. Saa hiyo ikaishia mikononi mwa John Henry Belville, msaidizi katika Nyumba ya Falaki ya Greenwich. Mwaka 1836 Belville alianza kazi isiyo na mfano: kila juma aliirekebisha saa yake kwa saa kuu ya Greenwich, akaingia London, akapita kwa mafundi saa na wenye maduka walioandikisha majina yao, akawaonyesha wakati, nao wakamlipa kwa mwaka. Aliuza wakati kama mwingine auzavyo maziwa. Na kwa kuwa njia zake zilipita mitaa yenye wezi, aliung'oa mtambo katika kasha la dhahabu akautia katika kasha la fedha, ambalo halikuvuta macho.

Belville alifariki mwaka 1856, mjane wake Maria akaendelea na kazi hata mwaka 1892, kisha binti yao Ruth akaipokea. Saa waliiita Arnold, kama mtu wa nyumbani. Simu za nyaya zilikuwa zimekwisha kuenea, na mwaka 1908 mkuu wa kampuni moja iliyouza wakati kwa nyaya za umeme alisimama mbele ya watu akamfanyia mzaha mwanamke huyo na saa yake kuukuu; magazeti yakaandika, na Ruth akasema baadaye kwamba mzaha ule ulimtangazia biashara bure. Mwaka 1924 redio ya Uingereza ilianza kutoa milio ya saa kutoka Greenwich, mwaka 1936 simu ikaanza kutaja saa kwa sauti ya mtu, na bado wateja wapatao hamsini walimngoja Ruth Belville mlangoni. Aliacha mwaka 1940, umri wake umepita miaka 85, kwa sababu mabomu ya vita yalizifanya barabara za London kuwa hatari kwa bibi anayetembea peke yake. Alifariki mwaka 1943. Saa aliwaachia Chama cha Mafundi Saa wa London, nao wameitunza pamoja na hazina zao nyingine, ikiwa bado katika kasha lake la fedha.